Kuandika shairi na hadithi fupi kwa sikio la Goma

Vijana wanaokuja kwangu Majengo, mtaa wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, siku za Jumamosi, kaye (daftari) zao zimekunjwa mfukoni, huniuliza swali lile lile: "Yaya, nianzie wapi?" Yaya huku kwetu ni dada au kaka mkubwa. Mara nyingi wameshaanza. Wana ukurasa mzima umejaa machozi, giza, matumaini na Afrika, lakini ndani yake hamna hata sentensi moja waliyoisikia kinywani mwa mtu. Mimi naandika mashairi na hadithi fupi tangu nikiwa shuleni, na kila kazi yangu iliyosimama ilianzia sikioni. Ile niliyoitafuta kichwani tu, nikiwa nimekaa mezani najichagulia maneno mazuri, iliishia ukurasa wa pili. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia sokoni.

Hatua ya kwanza: jaza kaye kabla hujaandika

Nunua kaye ndogo inayoingia mfukoni na biki mbili. Kwa wiki mbili usiandike shairi wala hadithi. Andika maneno ya watu. Shuka Kituku, soko la ufukweni, alfajiri, mitumbwi ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, inaporudi. Panga foleni mpakani Petite Barrière pamoja na akina mama wanaovuka kwenda Gisenyi, Rwanda, na mabeseni yao. Kaa karibu na motari wanaosubiri abiria Birere. Ukisikia sentensi iliyokufanya ugeuze kichwa, iandike jinsi ilivyosemwa. Usiandike maana yake.

Siku moja Kituku nilimsikia mteja akimwomba mama mmoja amtilie matabishi, yaani nyongeza ya bure. Mama akajibu: "Samaki ni ya ziwa, lakini beseni ni yangu." Kama ningeandika kwenye kaye kwamba mama alikataa kuongeza samaki, leo ningekuwa na habari isiyo na mtu ndani. Kwa kuwa niliyashika maneno yenyewe, nilipata mwanamke mzima: deni lake, heshima anayojipa, na lile beseni ambalo pengine lilimgharimu miezi ya kuweka akiba.

Chini ya kila sentensi andika pia mikono ilikuwa inafanya nini. Yule mama alikuwa anafukuza nzi kwa kipande cha katoni. Miezi mitatu baadaye sauti yake ilikuwa imeanza kunitoka, lakini kile kipande cha katoni kilinirudishia hata namna alivyolivuta neno "yangu".

Kurekodi kwa simu sikushauri. Katika mji wetu mtu anayewaelekezea wengine simu hutiliwa shaka haraka, na watu wana sababu zao. Rudia sentensi midomoni hadi ufike nyumbani. Ikipotea njiani, haikuwa na mfupa.

Hatua ya pili: jua umeshika nini

Baada ya wiki mbili soma kaye yote kwa mkupuo mmoja. Sentensi nyingine zitakuwa zinajirudia zenyewe kichwani. Hizo zipeleke kwenye shairi. Nyingine zitakufanya uulize, "Halafu yule mteja alisema nini?" Hizo ni za hadithi. Ukishindwa kuamua, mwambie mtu wa nyumbani sentensi hiyo bila maelezo. Akikuuliza swali, andika hadithi. Akinyamaza kidogo kisha akairudia, andika shairi.

Hatua ya tatu: chagua Kiswahili chako, kisha ukishike

Hapa ndipo waandishi wetu wengi huumia. Shuleni tulisoma kwa Kifaransa, kanisani tukasikia Kiswahili cha Biblia, redioni kile cha Dar es Salaam, na nyumbani tukasema chetu: mutoto, batu, bintu, niko naenda, tunakulaka. Kijana akishika biki anakionea haya cha nyumbani, anajaribu kile cha redio, na wahusika wake wote wanaanza kuongea kama watangazaji. Muuza makala (mkaa) wa Ndosho anamwambia mwanawe, "Ewe mwanangu mpenzi, tafadhali niletee maji ya kunywa." Hakuna mama wa Ndosho aliyewahi kusema hivyo.

Si lazima msimulizi na wahusika waseme kwa namna moja. Mimi namwacha msimulizi atumie Kiswahili ambacho msomaji wa Bukavu, Kigoma na Mombasa ataelewa bila kukwama, kisha wahusika nawaacha waseme chao. Tazama:

Mama alimwaga sambaza kwenye beseni, akazisawazisha kwa kiganja.
"Mama, utaniongezea hata kamoja?"
"Nikuongezee nini, mutoto wangu? Ile ya jana haujalipa."

Neno "kamoja" lina udogo ambao "mmoja" halina, na ndani ya udogo huo mna kijana anayejinyenyekeza kwa sababu anajua ana deni. Usiweke maelezo pembeni. Msomaji wa mbali ataelewa kwa sababu sentensi zinazolizunguka neno zinambeba. Lakini ukiamua kwamba mhusika anasema "batu", aseme "batu" hadi mwisho. Akisema "watu" ukurasa wa tatu bila sababu, msomaji wa hapa atadhani amebadilishwa mtu. Sababu inaweza kuwapo: labda anaongea na askari, au na mkwe wake, au anasoma barua kwa sauti. Basi mabadiliko hayo yenyewe yanakuwa sehemu ya hadithi.

Kuhusu Kifaransa, sikiliza ni wapi hasa ulimi wa watu unageukia huko. Wengi wetu tunataja bei, tarehe na namba za simu kwa Kifaransa hata kama mazungumzo yote ni ya Kiswahili. Weka Kifaransa pale kinapotokea kweli, ukiandike kwa masikio yako: kartye, buro, shofa. Usikinyunyize ili mhusika aonekane amesoma.

Na sasa jambo lililonifurahisha kuliko yote niliyowahi kujifunza katika kazi hii. Watu huniambia shairi la vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (hesabu ya silabi) haliwezi kuandikwa kwa Kiswahili cha Goma, kwa sababu hesabu itaharibika. Nilikaa nikahesabu. "Mtoto" lina mizani tatu, m-to-to, kwa kuwa ile m ya mwanzo inahesabiwa peke yake. "Mutoto" nalo lina tatu. "Nchi" ni mbili, na "inchi" yetu ni mbili. "Mbwa" ni mbili, na "imbwa" ni mbili. "Watu" na "batu" ni sawasawa, "maji" na "mayi" ni sawasawa. Lugha yetu imeipa ile m, au ile n, irabu ya kuegemea, na mizani ikabaki palepale. Mahali pa kuangalia ni kwenye vitenzi: "ninaenda" ni nne lakini "niko naenda" ni tano, na "huenda" ya mazoea ni tatu wakati "anaendaka" ni tano. Ukiyajua hayo, fomu ya zamani ya pwani ni yako pia, na hakuna wa kukuzuia mlangoni.

Hatua ya nne: jenga shairi kuanzia chini

Jioni, wavuvi wa sambaza wakitoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, huwa wanaimba huku wakipiga kasia. Mmoja anatangulia, wengine wanapokea. Anayetangulia anaweza kubadilisha maneno anavyotaka, lakini kipokeo hakibadiliki, kwa sababu ndicho kinachokutanisha makasia. Fikiria kibwagizo hivyo. Kitarudi mwishoni mwa kila ubeti, basi kiandike kwanza, na ukijaribu kwa kukisema mara kumi ukitembea. Kikikuchosha mara ya sita, tafuta kingine.

Fomu rahisi kuanza nayo ni tarbia: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, umegawanyika katikati, nane ukwapi, nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Vina vya kati vinafanana, na vya mwisho vinafanana. Kuhesabu, mimi hutumia maharagi. Weka punje nane upande huu na nane upande ule, kisha sema mshororo polepole ukisukuma punje moja kwa kila silabi. Ikibaki punje, au zikikosekana, mdomo wako utajua kabla ya macho. Kumbuka kwamba "mwezi" ni mbili tu, kwa kuwa mwe inatamkwa pamoja, na "mbali" ni mbili pia, mba-li.

Nilipoandika kuhusu usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mbingu ilipogeuka nyekundu juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, na mji mzima ukaingia barabarani kuelekea Gisenyi na Sake, mshororo wangu wa kwanza ulikuwa huu:

Mlima ulipowaka, ilikuwa ni huzuni

Hesabu imetimia, kina kimekaa, na utao mzima haubebi kitu. Huzuni nimeitaja tu, sikuileta. Nikarudi kwenye kaye. Nilikuwa nimeandika kwamba jirani yetu mmoja, mama mzee, alikataa kutoka. Alisema amechoka kukimbia na hajui aende kwa nani. Asubuhi tulisikia kwamba mto wa moto ulikuwa umesimama Buhene, pembezoni mwa mji. Ubeti ukawa:

Mlima ulipowaka, mama alibaki ndani,
Watoto wakatoroka, na magodoro kichwani,
Akasema: nimechoka, nami niende kwa nani?
Jiwe lililomwagika, likakoma mlangoni.

Huzuni haimo tena kwa jina. Kuna magodoro, na kuna swali la mama, ambalo ni lake neno kwa neno isipokuwa "nami", niliyoiongeza ili mizani itimie. Mlango nimeusogeza mimi. Jiwe halikufika mlangoni kwake, lilifika mlangoni mwa mji, na shairi linaruhusu milango hiyo miwili iwe mmoja. Sasa usome kwa ulimi wetu: "Mulima ulipowaka... Batoto bakatoroka... likakoma mulangoni." Sukuma maharagi yako. Hakuna punje inayobaki.

Hatari ya vina ni kwamba vitakuvuta. Kina cha -ni kinapatikana kila kona, maana kila mahali panaweza kupewa -ni: sokoni, ziwani, njiani. Kwa sababu hiyo hiyo kinachosha, na kinakuingiza kwenye shairi la mahali tu, lisilo na tendo. Andika pembeni maneno ishirini yenye kina unachotaka kabla ya kuanza ubeti, na ufute yale uliyoyafikiria kwanza. Ukijikuta umeandika neno ambalo hungelisema nyumbani ila tu kwa sababu ya kina, badilisha kina.

Ukitaka kusimulia jambo refu, mfano safari ya familia kutoka Kibumba hadi ziwani, tumia utenzi: vipande vya mizani nane, vinne kila ubeti, vitatu vya kwanza vina kina chao, na cha nne kinabeba kina kimoja toka mwanzo hadi mwisho wa utenzi wote. Unakwenda kwa mwendo wa miguu, na haukuchoshi pumzi.

Na shairi lisilo na vina? Watanzania waligombana sana juu ya hilo miaka ya 1970, kama ni shairi au si shairi. Mimi naona ni shairi, ila nawaomba vijana wahesabu maharagi mwaka mmoja kwanza. Ukiacha vina, lazima kitu kingine kishike mistari: neno linalorudi, pumzi, urefu unaopanda na kushuka. Aliyezoea kuhesabu anasikia mstari ulipolegea. Asiyezoea anakata sentensi yake vipande na kuviteremsha chini ya ukurasa.

Hatua ya tano: hadithi fupi, watu wawili na kitu kimoja

Kanuni ninayowapa wanaoanza ni nyembamba kwa makusudi: watu wawili, kitu kimoja, muda usiozidi siku moja. Wakishaandika hadithi tano hivyo, wafanye watakavyo.

Tuseme kitu ni chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Usikielezee kama unamwonyesha mgeni sanamu pale kwenye mzunguko wa barabara. Ukijue kwa mwili. Chukudu inashuka kutoka Kibumba imebeba makabichi na viazi. Mwenye nayo amepiga goti moja juu ya kipande cha sandali kilichogongomelewa kwenye ubao, mguu mwingine unasukuma au unazuia. Mteremko ni mrefu na mzigo unamzidi uzito. Mtu wa pili ni mdogo wake, mvulana wa miaka kumi na miwili, aliyekaa juu ya magunia ingawa hakutakiwa kukaa huko. Mkubwa anataka kufika soko la Virunga kabla bei haijashuka. Mdogo anataka kusema kitu tangu walipotoka nyumbani na hajapata nafasi. Hapo tayari una hadithi, na hujaandika hata kifo kimoja.

Anzia kwenye mteremko. Vijana wengi huanza jana yake: mhusika anaamka, ananawa uso, anakunywa chai, anatoka. Kata hadi gurudumu limeshaanza kuzunguka. Tunachohitaji kujua kuhusu nyumbani kitatoka mdomoni mwa mdogo, kidogo kidogo, mkubwa akiwa hawezi kugeuka kumtazama. Hilo la kutoweza kugeuka ni zawadi ambayo kitu chenyewe kimekupa. Ungekaa mezani usingelipata.

Kisha amua ni nini hutakisema. Huku kwetu tunajua mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi inayotoka ardhini na kutulia mabondeni pasipo na upepo. Hewa hiyo ya kaboni ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi au mtoto anayeinama ataanguka. Hadithi nzuri ina jambo lililotulia chini namna hiyo. Wahusika wanapita juu yake wakiongelea bei ya viazi, na msomaji anaona nani ameanza kuinama. Katika hadithi ya chukudu, labda baba yao amemuuza mbuzi wa mdogo. Usimwache mtu yeyote aliseme wazi kabla ya nusu ya hadithi. Labda lisisemwe kabisa; mdogo aulize tu, "Kamba yake iko wapi?"

Sasa niseme juu ya vita, kwa sababu sitaki kukwepa. Mtu wa nje akisikia hadithi imeandikwa Goma, anasubiri bunduki. Nasi tunaweza kuzoea kumpa anachosubiri, hadi tunawaandika majirani zetu kama idadi ya miili. Sisemi usiandike vita. Sisi tumeviishi, na nani aviandike kama si sisi? Nasema anza na kitu ambacho vita vilikisogeza: ufunguo wa nyumba iliyobaki nyuma, sufuria iliyobebwa ikiwa bado na sombe (kisamvu) ndani, kaye ya mtoto yenye tarehe ya mwisho aliyosoma. Kitu hicho kifuate kwa mkono kinakopelekwa. Na umpe kila mtu katika hadithi jambo moja ambalo halihusiani na mateso yake. Aliyekimbia anaweza pia kuwa mbishi wa mpira, au mwimbaji mbaya anayependa kuimba. Nimewasomea hadithi watu waliokimbia mara tatu, na waliniambia ni hapo tu walipojitambua.

Hatua ya sita: hakikisha mambo ya kweli

Hii ni fupi lakini isiachwe. Kijana mmoja aliandika hadithi nzuri ya babu yake akiwa mtoto miaka ya 1940, akila sambaza ufukweni. Sambaza waliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilibidi abadilishe samaki, na kwa kubadilisha akaenda kumuuliza babu walikuwa wanakula nini, akarudi na hadithi bora kuliko ya kwanza. Milipuko ya mlima pia ina tarehe ambazo wazee hawazisahau: Januari 1977, Januari 2002, Mei 2021. Ukimfanya mhusika azaliwe "mwaka wa moto", jua ni moto upi.

Hatua ya saba: isome kwa sauti, halafu kata

Iache kazi wiki nzima. Kisha isome kwa sauti, usiku umeme ukikatika ndio wakati mzuri, kwa mtu asiyeandika: mama mkubwa, kaka, jirani. Usimuulize kama ni nzuri. Atasema ni nzuri kwa kuwa anakupenda. Mwangalie. Akianza kushughulika na mshumaa, weka alama mahali hapo. Ulipojikwaa wewe mwenyewe mara mbili katika sentensi moja, weka alama nyingine. Kesho yake kata palipo na alama zote kabla ya kujaribu kuzitengeneza. Mara nyingi utagundua hapakuhitaji kitu.

Kata pia aya ya mwisho ya hadithi yako. Naiona kila Jumamosi: hadithi imekwisha vizuri, mdogo ameuliza kamba iko wapi, mkubwa amekaza mguu kwenye mteremko, kisha mwandishi anaingia kutuambia tulichopaswa kujifunza. Iondoe aya hiyo, hata kama ndiyo uliyoitolea jasho zaidi.

Hatua ya mwisho: nakala mbili

Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ukaingia ziwani, na nyumba yetu ilikuwa njiani. Tulitoka na mdogo wangu wa mwisho, sufuria moja na godoro. Kaye zangu tatu zilibaki. Mwezi wa nne nilipata kaye mpya, nikakaa kuandika upya. Mashairi ya vina yalirudi karibu yote, kina kimoja kikimvuta mwenzake. Hadithi zilikuwa nne. Nilikumbuka kila moja ilihusu nini, nani alikufa na nani alirudi, lakini sikupata hata sentensi moja kama nilivyokuwa nimeiandika.

Kwa hiyo ukimaliza, nakili kazi yako mara mbili kwa mwandiko safi, hata kama tayari iko kwenye simu. Nakala moja ikae nyumbani. Ya pili ifunge ndani ya sashe mbili za plastiki, uandike jina na tarehe juu, umpe mtu unayemwamini anayepanda boti kwenda Bukavu. Zangu zinakaa huko, mtaa wa Kadutu, kwa shangazi yangu, chini ya vikwembe (vitenge) vyake katika sanduku la bati, na kila mwezi wa kwanza nampelekea mpya.